Majembe Chini ya Maji

Salale nzima, kijiji cha mlango wa mto Rufiji, mtu aliyejua Kiingereza alikuwa mmoja tu, na alikijua kwa maneno arubaini na matatu. Hesabu hiyo ni yake mwenyewe, wala hakuna aliyembishia, kwani angembishia kwa lugha gani? Mzee Mfaume aliyaandika yote kwa herufi za Kiarabu ndani ya kijidaftari chenye jalada la ngozi, kila neno na maana yake ubavuni. Mengi yalikuwa ya melini: vuta, legeza, sugua sitaha, funga mdomo. Hilo la mwisho ndilo aliloambiwa mara nyingi kuliko yote, maana tangu utotoni alikuwa mtu wa kuuliza.

Maneno hayo hakuyapata shuleni. Aliibwa Salale akiwa na miaka kumi na miwili, akatiwa kwenye chombo cha watumwa, na kabla hakijafika mbali kikakamatwa na manowari ya Kiingereza. Waingereza wakamwambia yu huru, kisha wakampa ufagio. Miaka sita alifagia meli yao. Aliporudi nyumbani alimkuta mama yake amekwisha kumsomea hitima.

Katika yale maneno arubaini na matatu, moja ndilo lililompa jina. Waingereza huliandika kedge. Mfaume akaligeuza kukeja, na Salale ikalipokea vivyo hivyo.

Alilipata siku manowari ilipopanda fungu la mchanga. Mfaume alikuwa hoi kwa homa, amelazwa chini karibu na kidirisha. Akamsikia ofisa juu akilipaza neno hilo, akachungulia nje. Aliona mashua ndogo ikiteremshwa majini, mabaharia wanane wakipiga makasia kimya kimya kama watu waendao mazikoni, na katikati yao wamelaza nanga ndogo ya chuma. Walipofika mbali, wakaitosa ile nanga. Wakarudi mikono mitupu. Kisha juu ya kichwa chake akasikia watu wanaimba na kuzunguka, vishindo vya miguu duru baada ya duru, na ile meli, kwa ukubwa wake wote, ikatoka.

Sasa mtoto wa Salale angeelewa nini hapo? Kwao, kabla ya kuvuka mlango wa mto, watu hutupa kitu majini kuwaridhisha wenyewe wa mahali: nazi, wali mweupe, chembe za ubani. Mfaume akaona, kumbe hata Wazungu hutoa kafara! Nao ni watu wa chuma, basi kafara yao ni chuma. Tena baada ya kutoa wanazunguka na kuimba, kama watu wa dhikiri. Kila kitu kilikaa mahali pake. Miaka ya mbele, huko Unguja, alimwuliza padri mmoja wa Kiingereza, mtu wa vitabu, maana ya neno hilo. Padri akafikiri, akajikuna shavu, akakiri kwamba hajapata kulisikia maishani mwake. Mfaume ndipo alipozidi kuamini. Neno ambalo hata wenye lugha hawalijui, si neno la siri hilo?

Basi akalileta kwao. Chombo kikipanda tope, huitwa Mfaume. Husimama tezini, nyuma ya chombo, akatosa chuma, msumari kwa mtumbwi, jembe kwa mashua, watu wakauzunguka mlingoti wakiimba, kisha wakangoja. Na chombo kilitoka! Miaka thelathini, hakuna hata kimoja kilichobaki. Ikawa watu wanasema "tukeje kwanza" hata kabla ya kung'oa nanga, na mwenye mashua mpya hawezi kuishusha majini bila Mzee Mfaume kuwapo na kula pilau.

Mkewe Mwajabu peke yake ndiye aliyekuwa na la kusema. "Mngereza wangu," alikuwa akimwambia, "majembe yangu matatu yako chini ya maji. Huyo mwenye mto analima nini huko?" Mfaume akikosa jibu, humjibu kwa Kiingereza.

Ndipo vikaja vita vya Maji Maji. Watu wa milima ya Matumbi walichoka kulimishwa pamba ya Wadachi kwa viboko, na kutoka Ngarambe ikaja dawa, maji ya kunywa na kunyunyiziwa, yaliyosemwa kwamba yatageuza risasi kuwa maji. Moto ukapanda mpaka bonde la Rufiji. Serikali nayo ikajibu kwa moto: askari walikuwa wakipita kijiji hata kijiji, wanachoma nyumba na maghala ya mpunga, wanakamata wake na watoto wa waliokunywa dawa.

Mwanabibi, binti pekee wa Mfaume na Mwajabu, alikuwa ameolewa na Mmatumbi, kijana aitwaye Nassibu. Mwezi wa Shaaban Nassibu alimleta mkewe na watoto wawili kwa njia za porini, kupitia Kibiti hadi Salale. Nahodha Muhidini, mwenye mashua ya kupakia boriti, akakubali kuwavusha hadi Mafia pamoja na wanawake wengine kumi na wawili, watoto wao, na mpunga wa kuwalisha. Nassibu mwenyewe alikataa kuvuka. Alikuwa amekunywa maji, na kichupa chake cha mwanzi kilining'inia shingoni. Alisema mashua ikishatoka tu, yeye anarudi milimani kwa wenzake.

Siku ya kumi na sita ya Shaaban, alasiri, maji yakiwa yamejaa kabisa, mashua ikang'oa nanga. Haikwenda mbali. Pale kijito cha Salale kinapopinda, omo, pua ya mashua, ikaparamia fungu la tope, na mashua ikakaa kitako kama bibi harusi.

Watu hawakushtuka. Mzee Mfaume si yupo?

Wakashusha mpunga kwenye mitumbwi ili mashua iwe nyepesi. Alfajiri, maji yalipojaa tena, Mfaume akasimama tezini na jembe la nne la Mwajabu. Akalitosa. Wakazunguka mlingoti wakiimba mpaka sauti zikawakauka. Maji yakafika juu, yakasimama, yakaanza kupwa. Mashua haikujitikisa hata kidogo.

"Labda jembe lilikuwa limechakaa," akasema Muhidini.

Hakucheka mtu. Na Muhidini, aliyeyajua maji kama mkulima anavyolijua shamba lake, akasema kile ambacho wengine walikuwa wakikiogopa. Hii ni bamvua ya mwezi mpevu, maji makubwa kuliko yote. Leo jioni yatarudi makubwa kwa mara ya mwisho. Kuanzia kesho kila siku yatapungua, na mashua isipotoka leo itakaa pale mpaka mwezi wa Ramadhani uandame. Siku kumi na tatu. Asubuhi hiyo hiyo akapita mwenye mtumbwi kutoka juu ya mto, akawaambia kwamba boti ya serikali inateremka na askari, na moshi waliouona nyuma ya miti ulikuwa wa maghala. Kesho, kama si leo, watafika Salale.

Mfaume akajitenga, akakaa juu ya mizizi ya mkoko. Aliona haya, na chini ya haya hiyo kulikuwa na hofu, kwa sababu Mwanabibi alikuwa juu ya ile mashua akimnyonyesha mtoto, na alikuwa akimtazama baba yake kwa matumaini. Laiti angemtazama kwa hasira.

Hata hivyo, mtu wa kuuliza ni mtu wa kuuliza, hata akiwa ndani ya hofu. Mbona safari zote zilikubali, na hii imekataa? Akazipitia moja moja kichwani. Mashua ya kwanza ilipanda tope maji yakiwa yamepwa. Ikakejwa, maji yakajaa, ikaelea. Ya pili, maji yalikuwa nusu, yakajaa, ikaelea. Ya tatu vivyo hivyo. Akafika ya kumi, na jasho likamtoka. Zote zilikwama maji yakiwa madogo. Zote zingetoka zenyewe hata kama wangekaa wakila kashata! Hii ya leo ilikwama juu kabisa ya bamvua, ambapo hakuna tena maji ya kuongezeka. Kumbe miaka thelathini alikuwa akila pilau ya kazi iliyofanywa na mwezi.

Lakini manowari je? Akajiuliza tena. Alikumbuka wazi kwamba siku ile maji yalikuwa yakipwa. Alikuwa ameona mchanga ukianza kuchomoza. Manowari ilitoka katika maji yanayopungua. Basi Waingereza walikuwa na kitu, na kitu hicho yeye hakukiona.

Akiwa katika kuwaza, akamwona Mwajabu anakuja na chakula cha watu wa mashuani. Mtumbwi wake ulikuwa umegota kwenye tope, hatua ishirini toka alipoketi mumewe. Mwajabu hakushuka, kwani tope lile humeza mtu mpaka mapajani. Alifanya kama wafanyavyo wanawake wote wa Salale tangu dunia iwe dunia. Alichukua kamba ya makumbi, akaitupa ikanasa kwenye mkoko, akakaa imara ndani ya mtumbwi, akavuta. Mkoko haukwenda popote. Mtumbwi ndio uliokwenda, ukiteleza juu ya tope mpaka miguuni pa Mfaume.

"Mbona unanikodolea macho kama siku ya posa?" akauliza Mwajabu.

"Rudia," akasema Mfaume.

"Nirudie nini?"

"Hilo ulilofanya. Rudi nyuma uvute tena."

Mwajabu akamwangalia, akaona si mzaha, akajisukuma nyuma kwa upondo, akavuta tena. Mfaume alitazama kamba. Hakutazama mke, wala mti, wala mtumbwi. Kisha akajipiga paji la uso kwa kofi lililosikika mpaka mashuani. Ile nanga ilikuwa na kamba! Ilipita upande wa pili wa meli, chini ya maji, mahali ambapo kidirisha chake hakikufika. Na wale watu hawakuwa wakizunguka kwa dhikiri. Walikuwa wakisukuma gogo la kuzungushia kamba, wanajivuta kuifuata nanga yao. Hawakuwa na mkoko katikati ya bahari, basi wakaupanda wa chuma.

"Mwajabu," akasema, "nimekutupia majembe manne bure."

"Hilo nalijua," akasema Mwajabu. "Niambie nisilolijua."

Akamwambia. Mwajabu akauliza swali moja tu: "Utawaambia watu?"

Hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Mashua ilikuwa imepanda fungu kwa omo, mikoko yote iko mbele yake, na kuivuta kuelekea mikoko ni kuizamisha zaidi. Ilitakiwa ivutwe kinyumenyume, kuelekea mkondo wenye kina, ambako hakuna mti. Ilitakiwa nanga. Na nanga yenyewe ilikuwa moja, ya Muhidini. Hakuna njia ya kuipata bila kueleza, na kueleza ni kulivua jina lake mbele ya kila mtu aliyewahi kumwita.

Mfaume akapanda mashuani, akasimama mahali pale pale alipolitosa jembe alfajiri.

"Jamani," akasema, "nimewapoteza. Sikukusudia, lakini nimewapoteza. Kukeja si kutoa kafara. Niliona nusu ya jambo, nusu nyingine nikaijaza kwa akili ya kitoto." Akaeleza yote: kidirisha, homa, kamba ambayo hakuiona. Hakuficha hata habari ya padri.

Muhidini ndiye aliyesema kwanza. "Nanga yangu ni moja, Mzee Mfaume. Ikizama huko, Mafia nitafunga chombo na nini? Na utanithibitishiaje kwamba safari hii ndiyo umeelewa?"

"Makubwa haya!" akasema Mfaume. "Miaka thelathini nimesema lisilo kweli, nikaaminiwa bila swali. Leo nasema kweli, nadaiwa ushahidi."

Mwajabu akasimama ndani ya mtumbwi wake. "Muhidini mwanangu," akasema, "mimi nimetoa majembe manne kwa neno nisilolielewa. Wewe toa nanga moja kwa neno ninalolielewa. Ushahidi wanao wanawake wote hapa, kila siku tunajivuta kwa mikoko. Nanga yako ni mkoko wa kuupanda tu."

Wanawake wakaangua kicheko, cha kwanza tangu jana, na Muhidini akasalimu amri.

Adhuhuri maji yalipoanza kujaa, Mfaume na Nassibu wakailaza nanga ya makucha manne ndani ya mtumbwi, wakapiga kafi kuelekea mkondo huku Muhidini akiachia kamba kutoka tezini. Safari hii Mfaume aliishika ile kamba kwa mkono wake mwenyewe, kama anayeogopa isimponyoke tena. Wakafika kwenye kina. Wakaitosa. Wakavuta kidogo, makucha yakauma tope la chini. Wakarudi mashuani, na kamba ikapitishwa kwenye kapi, kigurudumu cha kuvutia, iliyofungwa shinani mwa mlingoti, mkia wake ukalala sitahani. Wanawake kumi na watatu wakaushika, na Muhidini, na Nassibu, na Mfaume nyuma kabisa.

Wakangoja maji. Yakaja. Yakafika pale yalipofika jana, yakasimama.

"Vuta!" akapiga ukelele Mwajabu kutoka mtumbwini, na wenzake wakaitikia. Kamba ikakaza, ikalia, ikachuruzika maji. Hakuna kilichotokea. Wakavuta tena. Mfaume alihisi kitu chini ya nyayo zake, kama mtu aliyelala anapogeuka upande. "Tena!" Tope likaachia kwa mlio wa busu kubwa. Mashua ikarudi nyuma shibiri moja, kisha hatua, kisha ikateremka yote kwenye mkondo na kuwabwaga chali wote waliokuwa wameshika kamba.

Vigelegele vikapaa. Mfaume, akiwa chali, alilia machozi, wala hakujisumbua kuyaficha.

Mpunga ukarudishwa chomboni haraka haraka. Lakini nanga ikakataa kung'oka. Mfaume na Nassibu walirudi na mtumbwi juu yake, wakavuta upande huu na upande ule, nayo imezama tope kama iliyozaliwa humo. Maji yalikuwa yameshaanza kupwa. Juu ya miti ya mpindo wa pili ukaonekana moshi, na huu haukuwa wa maghala, maana ulikuwa ukisogea.

"Kateni!" akapiga kelele Muhidini. "Mafia mawe hayakosekani! Kateni!"

Nassibu akaikata kamba kwa panga. Kisha akaukalisha mtumbwi ubavuni mwa mashua, na hapo hapo akainua kafi ili kuusukuma mbali. Mwanabibi aliinama juu yake na mtoto mgongoni. Hakumwita. Maneno yote alikwisha kumwambia tangu Kibiti.

Mfaume akaushika ukingo wa mashua kwa mkono mmoja, asiuachie.

"Panda," akasema.

"Nimekunywa maji, baba. Watu wananingoja. Siwezi kugeuka."

"Mimi miaka thelathini nimetosa majembe. Leo nimegeuka mbele ya watu wote, na sikufa."

"Si maji peke yake," akasema Nassibu, na sasa alikuwa na hasira. "Wewe hukuchapwa kwenye pamba."

"Sikuchapwa. Hasira yako ni haki yako, nami sikuambii uiache. Nakuuliza swali moja, mwanangu, maana mimi sikuliuliza. Hiyo dawa, kamba yake umeiona?"

Viganja vya Nassibu vilikuwa vimechunika kwa kamba, na damu ilikuwa ikidondokea kwenye kafi. Akavitazama kwa muda, mashua inasogea na maji, na Mfaume akisogea nayo mkono ukimuuma. Kisha Nassibu akakivua kile kichupa cha mwanzi shingoni. Hakukitupa. Akakiweka mapajani mwa mkwewe.

"Nishikie," akasema. Akapanda.

Mashua ikapotea kwenye mpindo kabla boti ya serikali haijatokea. Askari walifika Salale, wakachoma walichokipata, na walichokipata kilikuwa kidogo, kwani mpunga na watu walikuwa baharini. Nyumba ya Mfaume iliungua. Daftari lilikuwa mfukoni, na kichupa kilikuwa shingoni mwa Mwajabu, ndani ya kanga, mahali ambapo askari hakuthubutu kupapekua.

Siku ya pili, juu ya majivu, Mfaume akafungua daftari. Akalifuta neno kafara, akaandika: kupanda mti pasipo mti, ukajivuta kuuendea. Alilisoma mara mbili na kuridhika, ingawa alitamani padri yule angekuwapo asikie.

Watu nao wakawa na maelezo yao. Walisema kwamba mashua ilitoka kwa sababu safari hii mwenye mto alipewa nanga nzima, badala ya vijembe vichakavu vya Mwajabu. Mfaume aliwaeleza mpaka akachoka, nao walitikisa vichwa kwa heshima, wakatoka nje na kuyasema yale yale.

Mwezi wa Ramadhani ulipoandama, akaja mbio mwenye ngalawa kutoka kijiji cha pili. Chombo chake kimepanda tope, na mkononi ameshika jembe jipya kabisa, limepakwa mafuta, la kumpa mzee akeje.

Mfaume akalipokea, akalipima uzito, akamkabidhi Mwajabu.

"Hili la kulimia," akasema. Akamgeukia mwenye ngalawa. "Wewe kaniletee kamba."